Samaki Waliomsubiri Mgeni Rasmi

Ipo nchi moja kando ya bahari ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa kuwa jina lenyewe bado halijazinduliwa. Wasomaji watakaodhani wamewahi kufika huko wanaombwa kwa heshima zote waende wakapime macho, na wakishapima, wanyamaze.

Katika nchi hiyo hakuna kitu kinachoanza chenyewe. Choo cha shule hakiingiwi mpaka mgeni rasmi aje akate utepe, hata kama wanafunzi mia nne wamesimama nje wamebana magoti. Kisima hakichotwi. Daraja halivukwi, watu hupita chini yake, ndani ya mto, wakilitazama huko juu na kulisifu. Mwaka mmoja mvua za vuli zilipoanza kunyesha siku tatu kabla ya kuzinduliwa, serikali ilitoa tamko kwamba mvua hizo ni za majaribio, na kwamba mwananchi yeyote aliyelowa amelowa kwa hiari yake.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa ilipotoka amri kwamba mavuno ya samaki wa mabwawa nayo yazinduliwe. Hakuna, isipokuwa Bi Mize Shehe. Yeye alikuwa na samaki.

Bi Mize alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya maji. Yeye na wenzake sita walichimba bwawa lao kwa majembe ya mkono kwenye uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko, wakalizungushia tuta la udongo, wakaliwekea lango la mbao upande wa bahari. Ndani wakafuga mwatiko, samaki mweupe kama kijiko kipya, ambaye hula uoto wa kijani wa chini ya bwawa na hana ugomvi na mtu. Kwa miaka kumi bahari na tuta viliheshimiana.

Kisha heshima ikaisha. Mwaka juzi mvua ya mwezi mzima ilinyesha kwa siku mbili, maji ya bwawa yakapoteza chumvi yote yakawa kama mchuzi wa bweni, na samaki wakafa. Mwaka jana likaja joto. Samaki walipanda juu adhuhuri wakahema midomo wazi, safu kwa safu, kama kwaya isiyotoa sauti, wakafa nao. Na kila ilipokuja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ilipanda tuta kidogo zaidi ya mara iliyopita. Maji yaliyokuwa yakimfika Bi Mize gotini wakati wa kuchimba bwawa sasa yalimfika kiunoni, na yeye hakuwa amefupika.

Nchi hiyo ilikuwa pia na Sheria ya Misimu Mitatu. Mfugaji akikosa mavuno misimu mitatu mfululizo hutangazwa Mzembe wa Taifa, na bwawa lake huchukuliwa na serikali. Sheria haikutaja mvua, wala joto, wala bahari, kwa sababu hao hawakuwa wamejiandikisha kuwa wafugaji.

Bi Mize na wenzake walikwisha kukosa misimu miwili. Huu ulikuwa wa tatu. Samaki walikuwa wamenona, kila mmoja urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole, na bamvua kubwa kuliko zote za mwaka ingeingia Jumamosi. Alichohitaji Bi Mize ni kitu kimoja tu: kuvua kabla ya Jumamosi.

*

Afisa Itifaki wa Mwambao, Bwana Hilari Ngwembe, alikuwa na ofisi yenye baridi kali kiasi kwamba wananchi waliotoka humo walipiga chafya mpaka nyumbani. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu za rangi tatu mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba ruhusa. Tuvue Jumatano."

Bwana Hilari alicheka taratibu, kama mwalimu wa zamu aliyeulizwa kama likizo inaweza kuanza leo. "Mama, mgeni rasmi ana nafasi Jumamosi. Saa nane mchana."

"Jumamosi ni bamvua, baba. Ikifika saa kumi, maji yatakuwa juu ya tuta."

"Hiyo bamvua imeleta barua?"

"Bahari haiandiki, mwanangu."

"Basi ndiyo shida yake." Alifungua jalada. "Mimi hapa nina barua ya Mheshimiwa Waziri wa Bahari, Maziwa na Unyevunyevu, ina mhuri. Nina pia kina rasmi cha bahari. Kilipimwa mwaka tulipopata uhuru, na tangu siku hiyo hajatokea mtu wa kukibatilisha. Sasa wewe unataka nimwandikie Waziri kwamba bahari yake imepanda, yeye hana habari? Mama yangu, unanitakia mema kweli?"

"Basi turuhusu tuongeze tuta. Majembe tunayo. Siku tatu tunamaliza."

"Tuta limeshapimwa kwa ajili ya zulia." Alionyesha mchoro. Ulikuwa mchoro mzuri, wa rangi tatu. "Mkiweka udongo mbichi juu yake, Mheshimiwa atakanyaga nini?"

"Na samaki je?"

"Samaki wamo kwenye ratiba, usiwe na wasiwasi. Kipengele cha kumi na nne, baada ya picha ya pamoja."

Bi Mize aliegemea meza yake. Alikuwa na mtoto wa umri ule ule. "Mwanangu," alisema, "hawa samaki wakienda, na bwawa linakwenda. Tuko wanawake saba. Hatuna kingine."

"Naelewa kabisa, mama," alisema Bwana Hilari, na huenda kweli alielewa, kwa sababu aliandika jambo kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu. Aliandika: *viti saba vya akina mama, nyuma.*

*

Jumatatu walikuja wafanyakazi kumi na wawili wenye mashoka, wakafyeka mikoko yote iliyokuwa mbele ya bwawa, kwa kuwa ilimzuia mgeni rasmi kuiona bahari kutoka kwenye hema kuu. Ilikuwa miti mia mbili na sita. Walipomaliza walichimba shimo moja dogo katikati ya visiki, wakaliwekea uzio wa maua ya karatasi. Hapo ndipo Mheshimiwa angepanda mkoko mmoja, ishara ya kuanza kwa Wiki ya Kupenda Mikoko.

"Jamani!" Bi Mize alifika akikimbia, kiatu kimoja mkononi. "Hiyo mikoko ndiyo inayolivunja wimbi nguvu! Hilo tuta halina kinga nyingine!"

"Usijali, mama," alisema msimamizi wao, akifuta jasho. "Ndiyo maana tunapanda mwingine."

Jumanne lilikuja gari la ofisi kuchukua nyavu za wanawake wale. Walikuwa nazo mbili tu, ndefu, walizozisuka wenyewe.

"Zinakwenda wapi?" aliuliza Somoe, rafiki wa Bi Mize tangu utoto, mwanamke mrefu asiyeweza kukaa kimya hata akiwa anakula.

"Mheshimiwa atawakabidhi Jumamosi."

"Atatukabidhi nyavu zetu?"

"Ndiyo."

"Lakini ni zetu tayari."

"Na Jumamosi zitakuwa zenu zaidi," alisema dereva, akaondoka.

Jumatano walifunga utepe kwenye lango la bwawa, mwekundu na mweupe, wenye fundo kubwa kama kabichi. Lango lisingeweza kufunguliwa bila utepe kukatika, na utepe usingeweza kukatika bila Mheshimiwa. Akawekwa askari wa kuulinda, Koplo Nangoma, mtu wa bara ambaye hakujua kuogelea.

Siku hiyo hiyo joto lilirudi.

Samaki walianza kupanda juu asubuhi mapema, midomo wazi, na Bi Mize alipoiona ile kwaya tena alikaa chini kwenye matope. Halafu akainuka. Dawa za maji yaliyochoka ni mbili: ufungue lango yaingie mapya, au uyapige yaliyomo mpaka yavute hewa. Alikwenda langoni.

"Baba, tufungulie kidogo tu. Kiasi cha mkono kupita."

"Mama, mimi nimeagizwa kulinda utepe," alisema Koplo Nangoma. "Wakifa samaki wote, mimi niko salama. Ukikatika utepe, mimi nahamishiwa jangwani."

Nchi hiyo haina jangwa. Lakini aliyasema kwa hofu ya kweli, na Bi Mize hakuwa na moyo wa kubishana na mtu mwenye hofu.

Basi waliyapiga maji. Wanawake saba waliingia bwawani na ndoo, vibao na mapande ya milango, wakayapiga na kuyarusha juu, wawili wakipumzika na watano wakiendelea, toka Jumatano asubuhi mpaka Ijumaa jua linapozama. Waliokufa waliwatoa. Walikuwa wengi, lakini waliobaki hai walikuwa wengi zaidi.

"Shoga," alisema Somoe Ijumaa mchana, "hii mikono si yangu tena. Naiita, haiji."

"Isukume kwa bega."

"Na bega nalo limeomba ruhusa."

"Limeleta barua?" aliuliza Bi Mize, na wote saba wakacheka ndani ya maji, kicheko kibaya, cha watu ambao kikiisha hawajui kitafuata nini. Saa kumi jioni Koplo Nangoma alipomaliza zamu yake, alivua buti akaziweka vizuri, akaingia maji ya magotini na kuanza kuyapiga kwa kofia yake, jicho moja likiwa kwenye utepe.

*

Jumamosi saa nane mchana hema lilikuwa limejaa. Saa tisa hema lilikuwa bado limejaa. Mheshimiwa aliwasili saa tisa na nusu, na kwa kuwa alikuwa amechelewa, aliomba radhi kwa dakika kumi na mbili.

Bahari nayo iliwasili, ila yenyewe haikuomba radhi. Bi Mize aliitazama kutoka kwenye kiti chake cha nyuma. Ilipita juu ya visiki vya mikoko bila kupunguza mwendo. Ilipita juu ya lile shimo dogo, na maua ya karatasi yakaelea kuelekea hemani, yakawa ya kwanza kumkaribia mgeni.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Mheshimiwa, kisha akawataja wote mmoja mmoja.

Bi Mize alimwendea Bwana Hilari nyuma ya jukwaa. "Mwanangu, maji haya hapa. Yaone. Mwambie akate sasa, hotuba itafuata."

"Mama, yuko ukurasa wa pili."

"Ziko ngapi?"

Bwana Hilari alikuwa anatazama viatu vyake, vilivyokuwa ndani ya maji, kwa mshangao wa mtu anayeona kosa la uchapaji.

"Wapo watu," Mheshimiwa alikuwa anaunguruma, "wanaosema kwamba bahari inapanda! Nawauliza, inapanda kwenda wapi? Huko juu imefuata nini?" Hema zima lilicheka. "Bahari yetu ni bahari ya amani! Haijawahi kumchokoza mtu! Na mimi nasema hapa, mbele ya vyombo vya habari: haitapanda hata kidole kimoja wakati mimi ni Waziri!"

Makofi yalipigwa kwa muda mrefu. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu ya wageni wa safu ya mbele, lakini hakuna aliyenyanyua mguu, kwa kuwa Mheshimiwa hakuwa amenyanyua wake. Zulia jekundu lilijinyanyua kutoka kwenye tuta, likajikunja na kwenda zake. Mshereheshaji, kijana mwepesi, alitangaza kwamba hata zulia limeshindwa kuzuia furaha yake.

Ndipo tuta likapasuka.

Lilipasuka kwenye kona, pale mikoko ilipokuwa imesimama, kwa sauti ndogo kama kitambaa kinachochanika. Bi Mize aliisikia peke yake. Sasa, mwatiko ana tabia moja ambayo kila mfugaji anaijua: akisikia maji mapya yanaingia, huyafuata kule yanakotoka. Bwawa zima liligeuka kwa pamoja, kama bweni lililosikia kengele ya chakula, na mgongo wa maji ukaenda moja kwa moja kwenye ile kona.

"Samaki!" Bi Mize alipiga ukelele. "Jamani, samaki wetu!"

Alikuwa ameshafika kwenye mpasuko kabla wenzake hawajasimama. Nyavu hazikuwapo, zilikuwa mezani jukwaani, zimefungwa utepe nazo. Alivua kanga ya mabegani, akaikunjua, akaishindilia ndani ya maji. Somoe akashika ncha ya pili. Kisha wengine, kanga kwa kanga, wanawake saba wamesimama mstari mmoja katikati ya mpasuko, maji kifuani, na bahari ikiwasukuma mgongoni na samaki wakiwagonga tumboni.

"Shika!" aliita Bi Mize.

"Tumeshika!"

"Usiachie!"

"Hatuachii!"

Kila wimbi lilipokuja, mstari ulisukumwa mbele hatua tatu. Lilipopita, ulirudi hatua mbili. Hatua tatu, hatua mbili. Shika, tumeshika. Bendi ya Wizara, ambayo ilikuwa imekaa bila kazi tangu saa nane, ilisikia mdundo, ikapiga ngoma.

Mheshimiwa aliacha kusoma kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Haya ndiyo mambo ninayoyapenda!" alisema kwenye kipaza sauti. "Hamkuniambia kwamba kuna burudani!"

Bwana Hilari aliangalia ratiba. Burudani haikuwamo. Aliiandika haraka, kwa kalamu ya kijani.

Sasa watu wa pwani ya nchi hiyo wana desturi nzuri: mchezaji akiwakosha, humwendea wakacheza naye kidogo na kumbandika noti kwenye paji la uso. Mke wa Mkuu wa Mwambao alikuwa wa kwanza. Alivua viatu, akanyanyua gauni, akaja ndani ya maji akiyumba mabega kwa madaha.

"Tusaidie, mama!" Bi Mize alimwambia, machozi na chumvi vikimtoka pamoja. "Shika hapa! Shika ncha hii, nakuomba, wanapita!"

"Unaimba vizuri," alisema mke wa Mkuu wa Mwambao, akambandika noti.

Wakaja wengine, wakatunza, wakarudi. Samaki walikuwa wanapita chini ya kanga, kati ya miguu, juu ya mabega, wengine wakiruka hewani na kung'aa, na kila mmoja aliporuka hema lilishangilia. Bi Mize alimwona mmoja akipita usoni pake karibu kabisa, jicho kwa jicho. Alikuwa na mikono miwili tu, na yote miwili ilikuwa imeshika kanga.

Koplo Nangoma, asiyejua kuogelea, alipewa amri ya kuutafuta utepe, kwa kuwa lango lilikuwa limezama. Aliupata. Mheshimiwa akabebwa mgongoni hadi pale, akakata, akatangaza kwamba mavuno yamezinduliwa rasmi. Wakati huo bwawa na bahari vilikuwa maji mamoja, na hakuna mtu aliyeweza kuonyesha kimoja kinaishia wapi. Kisha Bi Mize aliitwa, akakabidhiwa nyavu zake mbele ya kamera, naye akazipokea. Aligeuka nazo, akatazama maji kila upande, hakujua azitupe wapi.

Kwenye kanga zote saba walibaki samaki kumi na mmoja. Walikuwa kipengele cha kumi na tano: zawadi kwa mgeni rasmi.

*

Redio ilisema mavuno yalikuwa ya kihistoria. Hilo lilikuwa kweli.

Baada ya wiki moja Bi Mize alipata barua mbili, zote kwa mkono wa Bwana Hilari, aliyezileta mwenyewe na kusimama mlangoni bila kukaa. Ya kwanza ilimtangaza yeye na wenzake Wazembe wa Taifa. Bwawa lao lilikuwa mali ya serikali kuanzia siku hiyo, na vibarua walikuwa tayari wameingia maji ya shingoni kusimika kibao kisemacho *USIKANYAGE*.

Barua ya pili ilitoka juu zaidi. Mheshimiwa alikuwa hajapata usingizi kwa furaha. Aliagiza ngoma ile ya akina mama, ambayo wataalamu wake walikwisha kuipa jina la Shika Usiachie, ichezwe kwenye uzinduzi wa mavuno ya kila bwawa mwambao mzima. Na kwa kuwa maji yale yalitoa picha nzuri sana, sherehe zote sasa zingepangwa siku za bamvua.

"Zote?" aliuliza Bi Mize.

"Zote, mama," alisema Bwana Hilari. Alitaka kuongeza jambo. Alishika kalamu zake mfukoni, akaziachia, akaondoka.

Somoe aliichukua barua akaisoma mara mbili. "Hatuendi," alisema. "Mize, haki ya Mungu hatuendi. Twende tukawachezee watu msiba wao?"

Bi Mize alikuwa amekaa kizingitini anashona kanga. Zilikuwa zimechanika zote, naye alikuwa anaziunga mbili mbili ziwe ndefu, na kwenye pindo la chini anafungia mawe madogo.

"Nyavu zao zitakuwa zimechukuliwa," alisema.

"Sasa?"

"Tuta lao halitaongezwa. Mikoko watakuwa wamefyekewa. Watu pekee watakaoruhusiwa kuwa ndani ya maji saa hiyo, Somoe, ni sisi."

Somoe akakaa, akavuta kanga moja, akatafuta sindano.

*

Bwawa la kwanza lilikuwa la Mzee Bwanakheri Mbaraka na mkewe, safari ya nusu siku kuelekea kusini. Hema lilikuwa limejaa, bendi imeshakaa, na Mheshimiwa alikuwa ukurasa wa tatu. Mzee alikuwa amesimama peke yake juu ya tuta lake, kanzu imelowa hadi magotini, hatazami jukwaa. Aliwaona wanawake saba wakija wamebeba mafurushi mazito, akawageuzia uso wa mtu ambaye hajalala siku tatu.

"Nyinyi ndio wachezaji?"

"Ndio sisi. Shikamoo, baba."

"Marahaba." Aliyatazama mafurushi yao. "Mtacheza upande gani?"

Bi Mize alishuka ndani ya maji, akatembea kando ya tuta akiligusa kwa kiganja, polepole, kama mama anayetafuta homa. "Wewe unaogopa upande gani?"

Mzee alinyoosha kidole kwenye kona iliyokuwa na visiki vibichi.

Nyuma yao makofi yalilipuka. Ngoma ikaanza kabla ya wakati wake, kwa shauku. Bi Mize alikunjua kanga ndefu ndani ya maji, akamwekea mzee ncha moja mkononi, akamfumba vidole juu yake.

"Ishushe chini, baba. Chini kabisa, mpaka matopeni," alisema. "Wanapita chini."